Je, Yafaa Kumchukua Mbwa Asiye na Mwenyewe?



Naomba nafasi katika kurasa za Kiswahili za gazeti letu niseme neno juu ya mbwa. Najua wako watakaocheka. Katika Kirundi, na katika Kiswahili pia, neno hilo ni tusi, na mtu akiitwa hivyo uwanjani mchezo husimama watu wakashikana mashati. Lakini nimeyasoma magazeti yote ya zamani yaliyomo katika maktaba yetu. Nimeona makala juu ya mpira, juu ya adabu ya bwenini, juu ya kupanda miti, juu ya mavazi ya wasichana (hiyo mara nne), wala sikuona hata moja juu ya viumbe hawa wanaolala nje ya ukuta wetu kila usiku. Basi mimi nitajaribu.

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, nyumba ya pili kutoka kwetu hapa Kinanira ilihamwa. Wenyewe walikuwa wageni, watu wema. Kazi yao ilikwisha wakarudi kwao. Walikuwa na mbwa wawili. Kabla ya kuondoka walimpa mzee wa zamu mfuko wa mchele na faranga kidogo, wakamwomba awatunze mpaka mpangaji mwingine aje. Mpangaji akaja, naye alikuja na mbwa wake mwenyewe, mtoto wa mbwa wa ukoo wa Kijerumani, aliyenunuliwa kwa bei ambayo sitaitaja maana karo yangu ya muhula haiifikii. Mzee wa zamu akampeleka yule jike kwa nduguye huko Kanyosha. Dume hakuna aliyemtaka. Akafunguliwa lango, akatoka, na lango likafungwa.

Kwa muda wa wiki tatu alilala mbele ya lango lile lile. Kila alfajiri, komeo liliposikika, aliinuka, akajinyosha, akasimama tayari kuingia. Gari likatoka, lango likafungwa, naye akalala tena.

Sisi wanafunzi twapita pale kwenda shule. Mnajua desturi yetu: mbwa asiye na mwenyewe ni shabaha. Sitaficha, hata mimi nilirusha. Siku moja jiwe langu lilimpata mguuni, wenzangu wakanishangilia kama niliyefunga bao. Mbwa alilia, akakimbia kwa miguu mitatu mpaka pembeni, kisha akarudi polepole akaketi mahali pake pale pale langoni. Siku ile sikusikia hata neno moja la somo la fizikia. Niliona wazi kwamba yule mbwa hakuwa amepotea. Nyumba yake aliijua vizuri kuliko mimi nijuavyo yetu. Waliopotea ni wenye nyumba.

Jioni nilimpelekea makombo ya ugali na ndagala, na baada ya siku nne alinifuata mpaka kwetu. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana kwetu kuna mama.

Mama hakupiga kelele. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi akasema, “Mwanangu, huyo asipite hapo.” Nami nilijua sababu. Mtoto wa kaka yake, ambaye mimi sikumjua, aliumwa na mbwa huko mlimani alipokuwa na umri wa miaka saba. Jeraha lilikuwa dogo. Walilifunga kwa majani, likapona, watu wakasahau. Baada ya miezi miwili mtoto akaanza kuogopa maji. Akiletewa kikombe koo lilimkaza, akapiga mayowe. Hakumaliza wiki. Mama ndiye aliyekuwa akimshika. Basi mtu asije akaniambia kwamba wazee wetu hawapendi mbwa kwa sababu ya ujinga. Mama yangu ajua jambo ambalo wengi wanaobeba watoto wa mbwa kwenye picha hawajaliona.

Nikamwuliza, “Je, nikimpeleka kuchanjwa?” Akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Akichanjwa, alale nje ya jiko. Asipochanjwa, utamfuata huko njiani ukalale naye.”

Ilinichukua siku tisa kupata fedha, nikifundisha hesabu watoto wawili wa jirani, na siku hizo zote mbwa alikaa nje ya lango letu nami nikitoka na sahani. Daktari wa mifugo alimchoma sindano ya kuzuia kichaa, akamwandikia cheti, akanishauri pia ahasiwe. Darasani walicheka sana juu ya hilo. Mmoja alisema nimemwonea dume mwenzangu. Nikamjibu kwamba mbwa jike hubeba mimba siku 63 tu, huweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, na kila akizaa hutoa watoto wengi. Basi ahesabu mwenyewe, yeye aliye hodari wa hesabu, halafu anionyeshe nyumba za kuwaweka watoto hao na wajukuu wao. Tangu hapo mbwa wetu yupo. Jina lake la kwanza lilikuwa la Kizungu lenye kutatiza ulimi. Sasa aitwa Bobi, kama nusu ya mbwa wa Kinanira.

Nimesimulia haya kwa sababu baadaye, nikisoma habari za miji mingine, niliona kwamba sharti la mama yangu ndilo hasa sharti la zile nyumba zinazopokea wanyama waliotupwa. Wengi wetu twadhani nyumba hizo ni kazi ya watu wenye fedha na machozi mengi, wanaokusanya mbwa na paka na kuwabusu. Sivyo. Mjini Nairobi, katika njia ya Langata, ipo nyumba ya chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, kilichoanza mwaka 1910 kikiwa chama cha Afrika Mashariki nzima. Kampala pia wanacho chama chao, na nyumba yake. Mnyama akifika mahali kama hapo hutazamwa kama ni mgonjwa, huchanjwa, huhasiwa, kisha hungojea mtu wa kumchukua. Na huyo mtu naye hupimwa! Huulizwa: una ua? Lango lako lafungika? Nani atakaa naye ukisafiri? Utamfunga mnyororo mchana kutwa? Akijibu vibaya, aweza kurudi kwake mikono mitupu, hata akiwa na gari kubwa. Ndiyo maana nasema kwamba kazi yao kubwa imo katika sindano na katika maswali ya mlangoni. Huruma pekee isingetosha.

Hata Kigali ipo jumuiya ya namna hiyo, iitwayo WAG, nami habari hiyo ilinishangaza kuliko zote. Wakubwa wetu wanajua yaliyotokea kwa jirani zetu mwaka 1994. Watu waliuawa wakaachwa barabarani na makanisani, na mbwa wasio na wenyewe wakala maiti. Askari wakawapiga risasi, na kwa miaka mingi mji ule ulikuwa karibu hauna mbwa. Ni nani angewalaumu watu wa Kigali kama wasingetaka tena kumwona mbwa maisha yao yote? Wapo wasiotaka mpaka leo, nao wana haki. Hata hivyo, katika mji huo huo wako watu wanaomchukua mbwa aliyetupwa, wakamchanja, wakamtafutia nyumba.

Sasa nije kwenye maneno ninayoambiwa kila ninapoanza habari hii bwenini. La kwanza, na ndilo zito, ni hili: “Watu hawana chakula, nawe wasema juu ya mbwa?” Silidharau. Kwetu wenyewe kuna jioni ambazo Bobi hupata maji ya ugali tu, maana na sisi tulikula ugali tu. Lakini neno hilo si geni. Mwaka 1860 mwanamke mmoja wa London, jina lake Mary Tealby, alifungua nyumba ya mbwa waliopotea na wenye njaa, nalo gazeti la The Times likamcheka, maana London wakati ule ilijaa watoto wenye njaa. Nyumba ile ingaliko, ilihamia Battersea mwaka 1871. Tena sikilizeni habari ya New York. Mwaka 1874 palikuwa na mtoto wa kike, Mary Ellen Wilson, aliyepigwa na kufungiwa ndani na waliomlea. Mwanamke mmoja wa misioni aliyetembelea maskini, Etta Wheeler, alitafuta msaada huku na huku asiupate. Mwisho alikwenda kwa Henry Bergh, yule aliyeanzisha mwaka 1866 chama cha kuwatetea wanyama, na kwa msaada wa Bergh na wakili wake mtoto akatolewa mikononi mwa watesi. Mwaka ule ule wakaanzisha chama cha kuwatetea watoto. Basi waliozoea kuulizana habari za farasi aliyepigwa hawakupita kando walipoambiwa habari za mtoto. Mimi sijamwona bado mtu aliyeacha kumsaidia maskini kwa sababu fedha yake yote imekwenda kwa mbwa. Nimewaona wengi wasiomsaidia yeyote.

Neno la pili ni fupi: “Wauawe tu.” Wako wanaotega sumu katika nyama usiku, na asubuhi watoto wakienda shule huruka mizoga. Lakini hebu tuache huruma kando tuulize kama dawa hiyo yaponya. Katika kisiwa cha Flores, nchi ya Indonesia, kichaa cha mbwa kiliingia mwaka 1997. Wakaua mbwa kwa maelfu na maelfu, kichaa kisiondoke. Sababu si fumbo: watu huwaficha mbwa wao au huwahamisha, na nafasi ya waliokufa hujazwa upesi na wadogo ambao hawajachanjwa kabisa. Karibu na sisi, kisiwani Pemba, walishika njia nyingine, ya kuchanja mbwa. Mwaka 2014 kichaa kilikuwa kimetoweka. Mwaka 2016 kikaletwa tena kutoka nje ya kisiwa, chanjo zikarudiwa, na mwaka 2018 kikatoweka mara ya pili. Nanyi mnajua kwamba watu wa Pemba wengi wao ni Waislamu, na wengi hawapendi mbwa aguse nguo zao. Haikuwalazimu kumpenda. Iliwalazimu kumchanja.

Shirika la Afya Duniani lahesabu kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka kwa ugonjwa huu, karibu wote katika Afrika na Asia, na katika kila kumi wanne ni watoto wasiofika miaka 15. Karibu wote wameumwa na mbwa. Wasema pia kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Louis Pasteur alimchanja mtoto Joseph Meister mwaka 1885, yaani dawa ipo kabla hata babu zetu hawajazaliwa! Tena msomaji, ukiumwa leo na mbwa usiyemjua, usifunge majani. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha nenda upesi ukachanjwe. Ukingoja dalili, umechelewa. Nimeandika hayo hapa hata kama yatanitoa njiani kidogo, kwa ajili ya mtoto yule wa mjomba.

Wa tatu ni wale wanaosema kwamba mbwa mzima ana tabia zake, heri kununua mtoto wa mbwa umlee utakavyo. Hapa nitakubali nusu. Ni kweli, mbwa mzima huja na mambo yake. Bobi alikula kuku wawili wa jirani katika mwezi wa kwanza, nami nililipa, na yule mama jirani hakunisalimu mpaka Noeli. Ngurumo ikipiga hujificha chini ya meza ya jikoni, na hapo mlinzi wa nyumba ni mimi. Lakini mbwa mzima umemwona alivyo: kimo chake, sauti yake, kama hupenda watoto au huwakimbia. Mtoto wa mbwa ni barua iliyofungwa. Tena wanunuzi wengi wa mtaa wetu hutaka mbwa mkali, na ili awe mkali humfunga mnyororo tangu asubuhi. Huyo hawi mlinzi, huwa mfungwa mwenye hasira, na siku mnyororo ukikatika humwuma mtoto wa nyumba kabla ya mwizi. Kazi ya kulinda huhitaji masikio na sauti, na hivyo mbwa wa njiani anavyo bila cheti cha ukoo.

Juu ya paka nina machache. Paka hudhaniwa wachawi kwa sababu hutembea usiku na hawajibu wakiitwa. Kama hiyo ni dalili ya uchawi, basi bwenini petu wachawi ni wengi. Ghala ya maharagwe ya shule yetu ililiwa na panya muhula mzima, na wakati huo huo watoto watano wa paka walitiwa katika gunia wakatupwa mtoni. Niliposikia sikujua nicheke au nilie. Paka mmoja aliyehasiwa, aliyechanjwa, anayelala ghalani, asingetugharimu ila vichwa vya ndagala.

Sasa, sisemi kila mtu achukue mbwa. Mwenzetu anayeishi na watu wanane katika chumba na sebule asichukue. Anayejua kwamba atahamishwa kazi baada ya miezi sita asichukue, au ajue tangu leo nani atampokea mbwa huyo. Hapo ndipo panaponiuma kuliko yote. Mwaka 2015, wakati wa machafuko, nilikuwa bado mtoto wa shule ya msingi. Familia nyingi, za wageni na za wenyeji, ziliondoka mjini, na katika barabara yetu tulisikia mbwa wakilia ndani ya nyua zilizofungwa. Watu wale walikuwa wakiokoa roho zao, simlaumu hata mmoja. Lakini aliyehama mwaka juzi alikuwa na miezi mitatu ya kufunga makasha. Alikosa mlango wa kubisha. Mtu wa Nairobi aliyeshindwa na mbwa wake anapo mahali pa kwenda kusema, “Nimeshindwa.” Sisi wa mtaa huu hatuna ila lango la kumtolea nje.

Kwa hiyo nasema na ninyi wanafunzi wa zamani. Kati yenu wako madaktari wa mifugo, wako wenye viwanja, wako wakubwa wa kazi katika afya. Siwaombi mjenge nyumba ya mawe mwaka huu. Nawaomba Jumapili moja tu, karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni siku ya dunia nzima ya kupigana na kichaa cha mbwa. Uwanja wetu wa mpira mwaujua, kivuli kipo upande wa miembe, na bomba la maji halikauki. Leteni sindano, sisi tutaleta mbwa, wa kwetu na wa jirani, kila mmoja kwa kamba, na darasa letu litaandika vyeti. Mwalimu wetu wa elimu ya viumbe amekubali kusimamia, kwa sharti kwamba mbwa wasikaribie bustani yake.

Tena nimenunua daftari la kurasa 96. Upande wa kushoto ataandika anayehama na hawezi kwenda na mnyama wake: mbwa au paka, dume au jike, umri, amechanjwa lini, ana tabia gani, na aseme kweli hata habari za kuku. Upande wa kulia ataandika anayetaka kuchukua: nyumba iko wapi, ua ukoje, nani hubaki nyumbani mchana. Mimi na wenzangu wawili tutakwenda kuutazama ua huo kabla mnyama hajatolewa, na tukiona mnyororo mfupi tutasema hapana, hata kama mwenye ua ni mzee wa shule hii. Mtuwie radhi mapema.

Mama ameliona daftari, akaniuliza kama kuna mahali pa kuandika tarehe ya sindano. Hapakuwepo. Nimepiga mstari mwingine kwa rula, kurasa zote. Sasa liko kwa mzee wa lango la shule, kalamu imefungwa kwa uzi. Tafadhali msiondoke nayo.

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho,
Kinanira